Chupa Mbili za Soda

Doto alinipigia simu nikiwa uani napepeta mchele. Alisema "Shikamoo mama mdogo" kisha akaanza kulia, nami nikajua. Mama yake, Mama Kulwa, alikuwa mgonjwa kitandani kwa mwezi wa pili sasa, na kila Ijumaa nilikuwa najiahidi kwenda kumwona, na kila Ijumaa nikipata kisingizio. Niliondoka Mwanza siku ileile, nikafika Shinyanga nikakuta turubai limeshafungwa na masufuria yako mekoni. Nikakaa jamvini na wanawake wa mtaa. Mmoja akaniuliza marehemu ni nani kwangu. Niseme mwalimu wangu? Hakunifundisha uuguzi hata siku moja, nilifika mikononi mwake nimeshakuwa mkunga. Niseme bosi wangu? Nikamwambia, "Alikuwa anakaa nyuma ya darasa langu." Yule mama akaniona nimechoka safari, akanisogezea kikombe cha chai.

Tulipotoka kuzika, Doto aliniita chumbani kwa marehemu, akanipa kaunta buku la zamani lililofungwa kwa kipande cha bendeji. "Alisema kitabu hiki ni chako. Usome ukiwa peke yako, usije ukampigia kelele mbele za watu." Tulicheka wote wawili na machozi yakitutoka, maana hapo marehemu alikuwa anasema kabisa kwa sauti yake. Nikakitia mkobani. Nitasema kilikuwa na nini, lakini haitaeleweka nisipoueleza kwanza ule mwaka nilioishi naye Geita.

Mwaka wenyewe naukumbuka kwa vitu vilivyokosekana. Sukari hakuna, sabuni hakuna, mafuta ya taa kwa foleni. Nilikuwa mkunga katika wodi ya wazazi, kazi niliyoipenda kuliko kula, ikaja barua: umechaguliwa kuwa mkufunzi. Siku hizo ukichaguliwa umechaguliwa, hakuna wa kumlilia. Nilipelekwa kwenye chuo kidogo pembeni ya mji wa Geita, kilichofundisha wasichana kazi ya afya ya mama na mtoto ili wakakae kwenye zahanati za vijijini. Mimi niliyezoea sauti ya mtoto anayezaliwa, nikapewa chaki! Nafuu ilikuwa moja tu. Nikimaliza mwaka na fomu yangu ya ualimu ikatiwa sahihi, ningepata nafasi ya kozi ya juu ya ukunga Dar es Salaam. Isipotiwa sahihi, nibaki palepale mwaka mwingine, na baada yake mwingine. Niliihesabu miezi kama mfungwa, wala sioni aibu kusema hivyo.

Sahihi hiyo ilikuwa ya Mama Kulwa. Kazi yake ilikuwa kufundisha walimu wa wauguzi na kuwalea kazini. Alizunguka vyuo vya kanda nzima, akikaa nyuma ya darasa kwenye kiti alichokiomba kiwe kibovu kuliko vyote, kaunta buku mapajani, akikuangalia. Hakukukatiza hata ukiharibu. Hiyo ilikuwa sheria yake kubwa: mwalimu hakatizwi mbele ya wanafunzi, kwa sababu ukimvunja mbele yao, kesho hawatamsikiliza hata akisema kweli. Yote aliyaandika, na jioni, mezani, alikusogezea kitabu usome. Chini ya kila ukurasa alikuwa amepiga mstari na kuandika: Mwalimu amesoma. Unatia sahihi yako hapo, mnakula. Alinisogezea kurasa zilizoniliza. "Umeongea na ubao dakika kumi." "Yule wa dirishani hajaelewa tangu Jumatatu, na wewe unajua." Nilitia sahihi kwa hasira mpaka kalamu ikatoboa karatasi, naye akaniambia, "Zuhura, karatasi haina kosa. Nawa mikono, chakula kinapoa."

Muhula wa mwisho aliletwa kukaa chuoni kwetu miezi mitatu mfululizo, na nyumba ikawa moja, ile yangu ya vyumba viwili. Hebu fikiria kukaa nyumba moja na mtu anayeshika ufunguo wa maisha yako! Ukuta wa katikati haukufika kwenye bati, kwa hiyo nilimsikia akikohoa, akisali rozari, akijisomea maneno ya ukurasa wangu wa siku hiyo kwa sauti ya chini kabla hajayaandika vizuri. Bila shaka naye alinisikia nikilia. Tulikula ugali wa muhogo na dagaa, siku nzuri sato, asubuhi matobolwa, viazi vile vilivyokaushwa na kuchemshwa, na chai ya rangi isiyo na sukari. Mimi mtu wa pwani nilikuwa nikitafuna matobolwa kama adhabu. Yeye alikula taratibu, akiniambia, "Kula, ng'wana wane, mwanangu. Ukikonda watasema nakutesa." Nikamjibu kwamba si kweli kwani? Akacheka mpaka akashika meza.

Siku moja nilikuwa jikoni, mkuu wa chuo akaja barazani kuzungumza naye. Nilisikia jina langu, nikaacha mwiko ndani ya sufuria. Mkuu alisema, "Huyu binti ni mzuri, lakini moyo wake hauko hapa." Mama Kulwa akasema, "Wote wazuri wanaondoka. Namtengeneza mwalimu mwaka mzima, nikimtilia sahihi ananipungia mkono. Huyu akienda, harudi." Ugali uliungua siku hiyo. Nilijua tangu hapo kwamba hataki kuniachia, na kila kosa aliloliandika nikaliona ni kamba nyingine ya kunifunga. Nikaapa somo langu la mwisho lisiwe na doa hata moja, nimkoseshe sababu.

Somo la mwisho lilikuwa maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha. Kwa vipimo vya siku zile: kijiko cha chai kimoja cha chumvi, kilichosawazishwa kwa kisu, vijiko vinane vya sukari, maji yaliyochemshwa lita moja. Mama wa kijijini hana kipimo cha lita, kwa hiyo kitabu kilisema chupa mbili za bia. Sasa chupa za bia ziko wapi? Kilabuni, na mimi binti wa Kiislamu, mwalimu, nionekane nabisha mlango wa kilabu mchana kweupe naomba chupa? Nilikwenda dukani kwa Mzee Saidi, mtu wa Kigoma aliyekuwa na duka pale mtaa wa Kalangalala, aliyenisitiri na mengi. Akanipa chupa mbili za soda, safi, zinang'aa. Nilisema moyoni chupa ni chupa. Sukari nayo haikuwapo hata ya dawa, kwa hiyo nikafanya kama tulivyofanya wote mwaka ule: nikachekecha mchanga mweupe, nikauweka kwenye bakuli, nikawaambia wanafunzi wajifanye ni sukari.

Mungu anisamehe, somo lile lilikuwa zuri. Nilikuwa nimebeba mtoto wa kitambaa mgongoni. Niliwafanya wasichana ishirini na wanne wacheke, kisha wanyamaze, kisha wainue mikono wote. Kila mmoja alipita mbele akasawazisha kijiko, akamimina chupa ya kwanza, akamimina ya pili, akakoroga. Hatua ya mwisho kitabuni ni kuonja: maji yasizidi chumvi ya machozi. Nikawaambia, "Hapa mtaonja. Leo hatuonji, mchanga hauonjwi." Wakacheka tena. Kule nyuma Mama Kulwa alikuwa ameinama, anaandika.

Jioni hiyo nilikaa mezani nikingojea kitabu. Hakukisogeza. Alisogeza fomu. Ilikuwa imeshatiwa sahihi, wino umeshakauka. Nilipiga ukelele, wallahi, nikainuka nikazunguka meza nikamkumbatia yule mama mkubwa aliyenukia karafuu na moshi wa kuni. Nililia, nikacheka, nikamwambia habari za wodi, za Dar es Salaam, za kitambaa nitakachoshona. Aliniangalia tu, akitabasamu, kitabu kimefungwa chini ya kiwiko chake. Asubuhi yake wasichana waliondoka kwenda mazoezini, wawili wawili, kila wawili zahanati yao, kuanzia upande wa ziwani hadi njia ya Bugarama.

Mvua ikaja siku ya nne. Nimeona mvua Tanga, lakini ile ya Geita mwaka ule ilikuwa na nia mbaya. Mto ulikula daraja, Landrova iliyokuwa imchukue Mama Kulwa ikabaki ng'ambo, na udongo mweusi wa mbuga ukashika kila kilichokanyaga. Wiki mbili tulikuwa ndani ya vile vyumba viwili, nguo hazikauki, kuni zinatoa moshi tu, fomu yangu nimeifunga kwenye nailoni chini ya godoro. Tarehe ya kuripoti Dar es Salaam ilikuwa inakuja, na mimi nimekaa naangalia maji. Nilidhani hicho ndicho kifungo. Sikujua bado.

Mama Kulwa akaanza kuharisha. Visima vilikuwa vimechafuka, nusu ya mji iliumwa. Kufika saa sita alikuwa hana nguvu ya kuinua kichwa, nami nikakimbia kwa Mzee Saidi. Yule mzee akaingia ndani, akatoka na sukari ameifunga kwenye gazeti, sijui aliitunza kwa ajili ya nani. Nilirudi nikachemsha maji, nikapoza, nikachukua zile chupa mbili ambazo sikuwa nimezirudisha, nikachanganya vilevile kama nilivyofundisha. Nikamwinua, nikamwekea kikombe mdomoni. Akanywa funda moja, akalitema kwenye kanga.

"Umeweka nini humu?"

"Chumvi na sukari, mama. Kama kawaida."

"Onja."

Nikaonja. Chumvi ilinishika koo kama maji ya bahari. Nikaangalia kijiko, kilikuwa sawa. Nikaangalia sukari, nilikuwa nimehesabu nane. Ndipo nikaziangalia zile chupa pale sakafuni, fupi, zimesimama. Mbili za bia ndiyo lita. Mbili za soda ni nusu lita na kidogo tu. Nikakaa chini kwenye sakafu ya saruji. Mtoto anayeharisha ukimpa chumvi namna ile unamuua kwa mkono wako, na mimi nilikuwa nimewapa wasichana ishirini na wanne mikono hiyo. Nilisema, "Mama, wao wameandika chupa mbili za soda."

Hakunikaripia. Alifumba macho. Kisha akasema, "Nichanganyie upya, ongeza maji mpaka ifike lita. Nikiweza kusimama, tunakwenda."

Siku ya tatu alisimama. Tulivuka mto kwa mtumbwi wa mtu aliyekuwa akivusha wachimbaji, tukapanda lori la pamba, tukatembea pale lori liliposhindwa. Viatu vyake alivibeba kichwani. Kila zahanati tuliyofika alifanya jambo lilelile: aliwaita wale wasichana wawili, aliwaita na kina mama waliokuwa wamefika kliniki, akanisukuma mbele. Sikuruhusiwa kusema vipimo vimebadilika, wala kwamba kuna maelekezo mapya. Nilitakiwa kusema, "Nilikosea." Kisha nikoroge upya mbele yao, safari hii kwa sukari ya Mzee Saidi, na kila mmoja aonje. Nikishamaliza, yeye aliongeza maneno matatu kwa Kisukuma, na kwa wasiojua Kisukuma aliyarudia kwa Kiswahili: "Na mimi nilikuwapo."

Nilichukia maneno yale. Niliona ananifanya mtoto mdogo, kwamba hata kosa siachiwi niwe nalo mwenyewe. Jioni moja, tumelala kwenye chumba cha kupimia wajawazito, nilimwambia, "Mama, mbona unajiingiza? Chupa nilichukua mimi." Akanijibu, "Lala, Zuhura."

Zahanati tano za kwanza Mungu alitusitiri. Mahali pengi hata sukari haikuwapo, kwa hiyo kina mama walikuwa wanawapa watoto uji mwepesi, na ile shida tuliyoilaani mwaka mzima ikawa imewaokoa. Kwenye ya sita tukakuta Landrova, imezunguka njia ndefu kumtafuta Mama Kulwa, na dereva anarudi Mwanza mchana uleule. Siku nne zilikuwa zimebaki za kuripoti kozini. Mama Kulwa alinivuta pembeni, akasema, "Panda. Fomu unayo. Zilizobaki nitazimaliza mimi." Nilimtazama kwanza nione kama ananijaribu. Hakuwa ananijaribu. Nikarusha mkoba wangu kwenye gari, nikakaa mbele, nikafunga mlango, moyo unanidunda kwa furaha. Ndiyo, furaha. Sitadanganya leo nikiwa mzee.

Akaja Kabula anakimbia. Kabula alikuwa mwanafunzi wangu hodari kuliko wote, aliyeandika kila neno nililotamka, na kituo chake kilikuwa cha saba, mbele kidogo. Alikuwa amesikia tupo. Alikuja mpaka dirishani kwangu, akapiga goti matopeni, akasema, "Shikamoo mwalimu. Nina swali." Akaeleza: mtoto mmoja, wa mwaka na nusu, aliletwa kwake anaharisha, na mama yake alipata sukari kwa ndugu yake mchimbaji. Kabula alimchanganyia mwenyewe, chupa mbili, akamnywesha usiku na mchana bila kuchoka. Mtoto alishikwa na degedege akafariki, ilikuwa Jumapili. "Nimekosea wapi, mwalimu? Nilifuata daftari." Akanifungulia daftari lake. Alikuwa amechora zile chupa. Chupa za soda, na mstari mzuri wa rula chini yake.

Hakuna aliyeweza kusema mtoto aliuawa na yale maji au na kuharisha. Alikuwa mahututi tangu alipoletwa. Hata leo sijui, na sitajua. Nilifungua mlango, nikashuka, nikamwambia dereva anipe mkoba. Nikamwambia Kabula, "Hukukosea popote. Nilikosea mimi." Mama Kulwa alikuwa amesimama nyuma yangu. Akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Na mimi nilikuwapo." Tukaenda kwa yule mama, tukakaa naye chini, tukamwambia. Alituletea maji ya kunawa miguu.

Tulipozimaliza zahanati zilizobaki, nafasi yangu ya kozi alikuwa ameshapewa mtu mwingine. Nilibaki Geita mwaka ule, kisha mwingine, kisha nikahamishiwa Shinyanga, nikafundisha zaidi ya miaka thelathini. Kwa miaka mingi niliwaambia watu kwamba Mama Kulwa alinifunga, alininyima ukunga wangu. Ni uongo, nilishuka mwenyewe garini. Na yeye alibadilika. Sheria yake ya kutomkatiza mwalimu aliitupa. Tangu safari ile alikaa palepale nyuma, lakini akiona jambo, aliinua mkono kama mwanafunzi: "Samahani mwalimu, sijaelewa. Rudia." Walimu vijana walimcheka. Nilipokuja kuwa mimi ninayekaa nyuma ya madarasa ya wengine, niliinua mkono vilevile, wala sikujiuliza alianza lini, na kwa nini.

Usiku wa msiba haukufaa, watu wengi. Nilikifungua kitabu kesho yake asubuhi, chumbani kwake, mlango nimeurudishia. Kurasa zote zilikuwa zangu, na chini ya kila moja sahihi yangu ya hasira, nyingine zimetoboka. Ya mwisho ilikuwa ya siku ile ya chupa. Mwandiko wake umelala upande, wa haraka: "Somo bora kuliko yote niliyoyaona mwaka huu. Sauti, mikono, macho, vyote sawa. Chupa ni za soda? Nimuulize jioni." Na chini yake, kwa wino mwingine: "Sikuuliza. Alikuwa amefurahi mno, na mimi nilikuwa nimeshatia sahihi."

Nilimpigia kelele. Alijua nitampigia, ndiyo maana aliagiza niwe peke yangu. Nilimwambia ulijua! Ungeniuliza neno moja tu, mama, neno moja, wasichana walikuwa hawajaondoka! Nililia kwa ajili ya Kabula na rula yake, kwa ajili ya yule mtoto, kwa ajili ya mwanamke aliyebeba viatu kichwani na tumbo lake linauma, akisema kila kituo maneno niliyoyachukia. Doto akagonga mlango. "Mama mdogo, kuna nini?" Nikamwambia hakuna kitu, namsoma mama yako.

Chini ya ukurasa ule mstari ulikuwapo, umepigwa kama kawaida. Mwalimu amesoma. Pembeni yake patupu. Alikuwa amekitunza miaka yote ile, na mimi ninakuja kwake kila Idi na kila Krismasi, tunakula, tunacheka, na kitabu kiko kabatini. Kusamehe kifo cha mtoto wa watu si kazi yangu, haikuwa kazi yake pia. Lakini pale hapakuuliza kama nimesamehe, paliuliza kama nimesoma. Nikatafuta kalamu mkobani, nikatia sahihi, taratibu, nisije nikaitoboa karatasi.